Tunachoweza Kuupa Mto

Hotuba kwa waongozaji wa rafti, yale maboti ya kujazwa hewa ya kushukia maji ya kasi, na vijana wa kayaki, vimashua vyembamba vya kafi, waliokutana Sagana, Kenya. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Wazee wa hapa Sagana mliotupokea, waongozaji wenzangu, vijana wa kayaki, nanyi ndugu zetu mliosafiri usiku kucha kutoka Jinja, Uganda: hamjambo? Poleni sana na safari. Nimepewa nusu saa nizungumze kuhusu wapiga kafi na kazi za hisani. Mwenyekiti ana saa mkononi na ananitazama, kwa hiyo salamu nyingine tutapeana baadaye.

Sisi watu wa maji ya kasi tumezoea kutoa vitu viwili, fedha na nguvu. Tunaandaa mashindano, tunatoza kiingilio, tunapeleka hundi kwa shule au zahanati. Tunatenga Jumamosi moja, tunaokota chupa mtoni, tunapiga picha na magunia. Sivibezi hata kidogo. Lakini tuna kitu cha tatu ambacho karibu hakuna mwingine anacho, nacho tumekikalia tu: ushahidi. Mhandisi anauona mto kwenye ramani. Mheshimiwa anauona kutoka darajani, kioo cha gari kikiwa kimefungwa. Mkulima anaujua vizuri sana, ila pale tu shamba lake linapoishia. Sisi tunaupita wote, toka juu mpaka chini, masika na kiangazi, tumekaa kwenye maji yenyewe. Tunajua mwamba gani ulikuwa umezama mwezi kama huu mwaka jana na sasa umetoa mgongo. Tunajua bomba gani lilitokea ukingoni juzi. Tunajua, halafu tunarudi kambini, tunakausha jaketi, tunanyamaza.

Nataka kuwaonyesha wapi wenzetu hawakunyamaza, na wapi walisema wakiwa wamechelewa.

Kule West Virginia, Marekani, kuna mto unaitwa Gauley. Juu yake lipo bwawa la Summersville, lililokamilika mwaka 1966 kwa ajili ya kuzuia mafuriko, na wanaoliendesha ni wahandisi wa jeshi. Kila mwaka kuanzia Septemba inabidi kina cha bwawa kishushwe ili lipate nafasi ya kupokea mafuriko ya miezi inayofuata. Maji hayo yakiachiliwa kwa mpangilio, Gauley huwa mojawapo ya mito ya rafti inayosifika zaidi duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mpango wa umeme ambao ungevuruga mtiririko huo. Wapiga kafi wakaupinga, mpango ukafa, na mwaka 1983 wakafanya sherehe ya kushangilia. Sherehe hiyo, Gauley Fest, imeendelea tangu wakati huo, na mapato yake yanakwenda kwa American Whitewater, shirika la wapiga kafi lililoanzishwa mwaka 1954. Mwaka 1986 Bunge lao likaandika katika sheria kwamba burudani ya maji ya kasi ni mojawapo ya madhumuni ya bwawa lile. Siku za kufungua maji zinatangazwa mapema, karibu mita za ujazo 80 kwa sekunde, na hoteli, mama wa chakula na wenye magari ya kukokota maboti wanajipanga kwa kalenda hiyo.

Mtasema ni sherehe tu, muziki na bia. Kweli, bia ipo. Lakini ulizeni fedha zinalipia nini. Zinalipia watu wanaokwenda kukaa vikaoni. Marekani bwawa la umeme la kampuni binafsi hupewa leseni ya miaka 30 hadi 50, na leseni ikiisha lazima iombwe upya, watu wasikilizwe, maji ya kubaki mtoni yajadiliwe. Ukikosa kikao hicho, kingine atakihudhuria mwanao. Kwa hiyo wapiga kafi wanaajiri mtu mwenye subira ya kusoma ripoti ya kurasa mia nane, anayejua kusema: kwa maji kiasi hiki samaki hawapiti, kwa kiasi hiki wanapita, tumekaa ndani yake tumeona. Huyo mtu hapendezi kwenye picha. Hakuna fulana inayochapishwa jina lake. Ila kwa maoni yangu shilingi inayomlipa inafika mbali kuliko nyingi tunazochanga.

Sasa turudi nyumbani. Ndugu wa Jinja mtanivumilia, kwani haya mnayajua kuliko mimi, na baadhi yenu yaliwagusa mfukoni.

Nile ilipotoka Ziwa Nyanza ilikuwa na maporomoko mfululizo. Ya kwanza kuondoka yalikuwa Ripon na Owen, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Hapo hata baba zetu hawakuwa na rafti. Rafti za watalii zilianza miaka ya 1990, na ndani ya muda mfupi Jinja ikawa Jinja tunayoijua: waongozaji Waganda wanaoheshimika kila mahali, watoto wa Bujagali wanaopinduka na kujiinua kwa kayaki kabla hawajamaliza shule ya msingi, boda za kubeba makafi, mama wa rolex, ile chapati ya mayai, barabarani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kiasi fulani mwenyeji alipona. Kulikuwa na hisani pia. Shirika la Soft Power Education, lililoanza mwaka 1999, lilikarabati madarasa ya shule za msingi za vijiji vya kule, na mtalii aliyeshuka mto Jumatatu ungemkuta Jumanne ameshika brashi ya rangi. Nina swali langu la siku zote juu ya watalii na brashi, yaani nani atapaka mara ya pili, lakini madarasa yalisimama na watoto waliingia.

Kisha likaja bwawa la Bujagali, megawati 250. Maji yalipanda mwishoni mwa 2011, na mwaka 2012 mitambo ikafunguliwa rasmi. Maporomoko ya Bujagali, ambayo kwa Wabasoga ni makao ya roho na si mahali pa kupigia picha, yakawa chini ya ziwa. Kuna jambo moja wengi wenu hamlikumbuki. Kabla ya ujenzi, mwaka 2007, serikali ya Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba kwa kuwa Bujagali inazama, maporomoko ya Kalagala chini yake yatahifadhiwa yawe fidia. Karatasi iliwekwa sahihi. Shughuli za rafti zikahamia chini, kuelekea huko huko Kalagala na Itanda, na mbele zaidi kulikokuwa na lile wimbi waliloliita Nile Special, lililoleta Jinja wapiga kayaki wa mashindano kutoka kila bara.

Likaja Isimba. Megawati 183, fedha za mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Sasa ndipo kelele zikaanza. Saini zikakusanywa mtandaoni, video zikasambaa, watu wa Ulaya na Marekani wakaandika barua za uchungu. Machi 2019 bwawa likazinduliwa. Nile Special imezama.

Nimelifikiria hili sana. Sisemi bwawa halikuwa na maana. Mama wa Kayunga anayepika kwa mkaa na mwanawe anayesoma kwa kibatari wana haki ya umeme kama mimi ninayechaji simu hapa. Ndiyo maana hoja ya wimbi haikufika popote. Ukimwambia yule mama kwamba tusijenge kwa sababu wimbi ni zuri, atakuona huna akili, na atakuwa hajakosea. Hoja zilizokuwa na uzito zilikuwepo: ajira za vijana wa kingo zile, uvuvi, bustani zilizoko visiwani, na kile kiapo cha Kalagala. Urefu wa ukuta wa bwawa ndio unaoamua maji yatarudi nyuma hadi wapi, na hapo ndipo mtu anayeujua mto mwamba kwa mwamba angeweza kuweka kidole kwenye ramani na kusema: mita hizi mkizipunguza, hiki kinabaki na kile kinabaki. Lakini mazungumzo ya namna hiyo hufanyika mapema, kwenye chumba chenye feni mbovu na viti vya plastiki, mradi ukiwa bado mchoro. Video huja wakati tingatinga limeshafika.

Na waliosikika zaidi walikuwa wageni. Sina ugomvi na wageni. Wengine ni marafiki zangu, na wengine waliipenda Jinja kuliko baadhi yetu. Lakini serikali yoyote ya Afrika, ikiona malalamiko yametiwa saini na watu wa Munich na Colorado, ina jibu lake mfukoni tayari. Hao wa Munich ndio wenye umeme, si ndiyo? Sauti ya muongozaji kutoka Bujagali, anayelipa ada ya wadogo zake wanne kwa kafi, haikupewa kipaza sauti kwa wakati. Kilichowapa watu pa kushikilia ni ile karatasi ya 2007. Bila yake pasingekuwa hata na cha kuuliza kuhusu maji ya Isimba na mpaka wa Kalagala. Karatasi kavu, haina hata picha ya maji.

Wenzetu wa Albania nitawapitia haraka, maana walijifunza somo hilo kwa njia nyepesi. Mto Vjosa unatoka Ugiriki, ambako unaitwa Aoos, na unateremka karibu kilomita 270 hadi Bahari ya Adriatiki. Ulikuwa umepangiwa mabwawa. Mwaka 2016 Rok Rozman, Mslovenia aliyewahi kupiga makasia kwenye Olimpiki na ambaye pia ni mwanabiolojia, aliongoza msafara wa kayaki kupitia mito 23 ya Balkani kwa siku 35, ukamalizikia Vjosa. Msafara ulileta kamera. Lakini kamera hazikuachwa peke yake. Wakazi wa bonde waliingia mahakamani kuhusu bwawa la Poçem na mwaka 2017 mahakama ya Tirana ikawapa haki. Mwaka huo huo wanasayansi wa nchi kadhaa wakaenda kuhesabu wadudu, samaki na mimea ya bonde lile. Tarehe 15 Machi 2023 Vjosa ikatangazwa hifadhi ya taifa. Kayaki zilifungua mlango, walioingia na kukaa ni wanasheria, wanasayansi na wazee wa vijiji.

Ninayoipenda kuliko zote ni Klamath.

Mto Klamath unatoka Oregon na kupita kaskazini mwa California hadi Pasifiki. Kwa zaidi ya miaka mia moja mabwawa yake, ambayo mwishowe yalifika manne, yaliwazuia samaki aina ya salmoni kupanda. Mwaka 2002 makumi ya maelfu ya salmoni walikufa karibu na mdomo wa mto, maji yakiwa kidogo na ya moto. Wayurok, Wakaruk, Wahupa, Waklamath, watu ambao salmoni kwao ni chakula, ibada na kalenda, hawakuanza siku hiyo kulalamika, walikuwa wamelalamika tangu zamani. Ila siku hiyo uvundo ulifika hata kwenye pua za wengine. Walikwenda kwenye mikutano ya wanahisa wa kampuni, wakaenda hata Scotland kwa wenye kampuni wa wakati ule. Ikachukua zaidi ya miaka 20. Bwawa la kwanza liliondolewa 2023, na matatu yaliyobaki 2024. Oktoba mwaka huo huo, mashine zikiwa hazijapoa, salmoni walionekana Oregon, juu ya mahali yalipokuwa mabwawa, kwa mara ya kwanza tangu 1912.

Wapiga kafi walifanya nini hapo? Sikilizeni, maana ni jambo dogo na lina adabu ndani yake. Mto unapofunguliwa, kila mpiga kayaki mwenye jina duniani anataka awe wa kwanza kushuka. Ndiyo tabia yetu, tusifichane. Shirika moja linaloitwa Ríos to Rivers likasema wa kwanza wawe watoto wa mto. Kuanzia mwaka 2022, kabla ukuta haujabomolewa, walianza kuwafundisha vijana wa makabila ya bonde lile kupiga kayaki: kujiinua baada ya kupinduka, kusoma maji, kuokoana. Wengi hawakuwa wamewahi kushika kafi. Tarehe 12 Juni 2025 vijana hao, wenye umri wa miaka 13 hadi 20, waliingia majini kwenye chemchemi za juu, na tarehe 11 Julai wakafika baharini, kama kilomita 500, familia zao zikiwangoja ufukweni. Wakufunzi wageni walikuwepo. Walikaa pembeni kwenye maji tulivu, na kamba za uokoaji mkononi.

Hiyo kwangu ndiyo hisani. Unampa mtu ujuzi wako, halafu unampisha mbele.

Kuna hisani nyingine ambayo haihusu mto hata kidogo na siwezi kuiruka, kwa sababu kuna dada zetu hapa wanaitaka. Zamani mwanamke akifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti na kuondolewa tezi za kwapani, madaktari walimwambia asinyanyue kitu kizito, asipige deki, asibebe mtoto kwa mkono ule, kwamba mkono utavimba na hautarudi. Mwaka 1996 daktari wa michezo wa Vancouver, Kanada, Don McKenzie, alikuwa na shaka na ushauri huo. Akawachukua wanawake 24 waliopona saratani, akawaingiza kwenye mitumbwi mirefu ya joka ya Kichina, ile ya watu ishirini kwa safu mbili, akawafanyisha mazoezi msimu mzima. Hakuna hata mmoja aliyevimba mkono. Leo timu za wanawake kama hao ziko katika nchi nyingi. Kisumu mna ziwa, Mombasa mna bahari, na mitumbwi mirefu haijawahi kuwa shida ya pwani. Atakayeanzisha jambo hilo aanze na daktari wa hospitali ya karibu na fundi wa mitumbwi, mfadhili awe wa mwisho kutafutwa.

Sasa hapa kwetu, Mto Tana. Maji haya mnayoyasikia nyuma yangu yanashuka hadi Masinga, bwawa lililojengwa 1981, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yaanze safari ndefu ya nyika kupita kwa Waorma na Wapokomo hadi Kipini, kama kilomita elfu moja kutoka chanzo. Ni mto ulioajiriwa. Tukiambiwa tuuache ulivyoumbwa na Mungu, tumechelewa. Tunachoweza ni kujua unaendeleaje kazini.

Nitawaeleza tukio moja. Kampuni fulani, sitaitaja, ilikuja kufanya usafi wa mto. Fulana zilikuwa nzuri sana. Vijana wetu waliingia na rafti wakafika pale ambapo mtu wa miguu hafiki, chini ya mizizi ya mikuyu, kwenye matawi yaliyoinamia maji. Hapo ndipo taka hukwama, tabaka juu ya tabaka: chupa za soda, ndala, mabaki ya mifuko iliyopigwa marufuku tangu Agosti 2017, chupa za dawa ya mimea zikiwa na vifuniko. Magunia yakajaa, yakapangwa ukingoni, mkurugenzi akasimama mbele yake akapigwa picha. Gari la kuyachukua lilisemwa linakuja. Mvua za Aprili zikaja kwanza. Wiki mbili baadaye tuliyakuta magunia yale yale, yenye nembo, yamejifunga kwenye mizizi ile ile, na sasa kuyatoa ni kazi mara mbili kwa sababu yamejaa mchanga. Tangu hapo mtu akiniletea mpango wa usafi namuuliza gari ni la nani, dereva ni nani, nambari yake ya simu ni ipi, na jaa liko wapi. Akikosa majibu, namwomba fedha za fulana zikalipie lori.

Na hata lori likija, msizoe tu. Hesabuni. Chupa za dawa ya mimea ngapi, zimetoka dukani kwa nani, zimepatikana juu au chini ya shamba gani. Gunia lililohesabiwa ni ushahidi. Lisilohesabiwa ni taka iliyohama makazi.

Ushahidi wenyewe haudai mashine kubwa. Chagueni mwamba mmoja ambao haujasogea na hausogei. Pigeni picha kutoka mahali pale pale, tarehe ile ile kila mwezi, saa ile ile, na mtu mmoja awe na daftari. Mwandike maji yamefika wapi, rangi gani, harufu gani. Msimu wa kahawa hapa mnaujua: viwanda vya kuosha kahawa vikianza kazi, kuna siku maji yanakuja ya hudhurungi na povu jepesi, yana uchachu kama uji uliolala, na ukiyameza kwa bahati mbaya chini ya poromoko la maji unajua tumboni jioni. Si kila kiwanda, vingine vina mashimo mazuri ya kuhifadhi maji machafu. Lakini ni kipi, siku gani, saa ngapi? Muongozaji anajua, kwa sababu alipita tawi la kushoto likiwa safi na la kulia likiwa chafu. Afisa wa mazingira aliyeko ofisini hajui, na akija Jumatatu maji yameshatakata. Ukimpelekea picha tano za tarehe tano kutoka mwamba mmoja, umempa kitu cha kufanyia kazi. Ukimpelekea hasira, atakuonyesha kiti usubiri.

Wenzetu wa Tanzania wanajua bei ya kuchelewa. Ruaha Mkuu, mto ambao haukuwa na desturi ya kukauka, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993, na ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mto haukauki siku moja. Kabla haujakatika kuna misimu ambayo maji yalipungua kidogo kidogo, na waliokuwa wakivuka pale kila siku waliona. Je, waliona wakaandika wapi?

Hapa kwetu mahali pa kupeleka daftari papo. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji, watu wa kingo wenyewe: wakulima, wafugaji, wenye pampu. Vikao vyao ni virefu na vinaanza saa moja baada ya muda uliotangazwa. Wapiga kafi hatuendi, kwa sababu Jumamosi ni siku ya wateja. Basi kila kampuni iteue mtu mmoja, na siku hiyo alipwe kama aliyeshika kafi. Na akifika asianze kuhutubia. Akae asikilize matatizo ya pampu na ugomvi wa mifereji kwanza, vikao viwili, vitatu. Wachota mchanga nao wawepo. Najua wengi wenu mnawachukia, na kweli mashimo yao yamebadilisha mkondo pale chini hadi tukapoteza njia ya kupitia. Lakini yule kijana mwenye koleo anapata kwa lori kile ambacho wewe unapata kwa mtalii, na kuna waliokuwa wachota mchanga ambao leo ni waongozaji hodari hapa hapa. Wako kwenye kikao hiki, sitawanyooshea kidole.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, kwa kuwa harambee hatuhitaji kufundishwa. Waingereza wana mashindano ya Devizes hadi Westminster, maili 125 za mfereji na Mto Thames, yaliyoanza mwaka 1948. Washiriki wengi huchangisha kwa ajili ya hospitali, vituo vya wagonjwa, mashirika ya watoto. Kinachonipendeza ni kwamba mshiriki hulipa kiingilio, boti na usafiri kutoka mfukoni mwake, na mchango wa jirani unakwenda ulikoahidiwa. Kwetu kuna tabia imeingia ya kuita kila safari ya hisani. Mtu anachangiwa, ananunua tiketi, drona na jaketi jipya, kinachobaki kinanunua madaftari ya shule arobaini. Iteni hiyo likizo, mchangiwe na marafiki zenu, hakuna ubaya. Lakini ikiwa jina la yatima limetajwa kwenye bango, hesabu ibandikwe ukutani: kilichoingia, kilichotoka, risiti. Mweka hazina asiwe shemeji wa mwenyekiti. Mnacheka, lakini mnajua ninakotoka.

Mwenyekiti amesimama. Namalizia na ya kesho.

Mwamba tumeshauchagua, ule mkubwa wenye mstari mweupe chini ya daraja la miguu. Muongozaji wa zamu atapiga picha ya kwanza saa mbili asubuhi. Daftari liko kwa katibu wa chama cha watumiaji maji, yule mzee wa kofia ya kijani, naye ndiye atakayelitunza. Wanaotaka kwenda kikao cha mwezi ujao waandike majina kwake, si kwangu. Ndugu wa Jinja, kayaki zenu zimetoka Nile na Nile ina gugumaji. Tafadhali zifungueni leo jioni, mwageni maji yote yaliyobaki ndani, tuzisugue kwa maji ya tangi pale nyuma ya jiko mbali na mto, na nguo zote zianikwe. Zikae juani hadi saa nne. Saa nne na nusu kundi la kwanza linaingia. Maswali?